Amplifaya Tupu

Rafiki yangu mpiga gitaa hatii chumvi, ndiyo maana sikucheka. Alinunua amplifaya ya kidijitali ya mtumba, akafunga mapazia, akaiunganisha na kompyuta kwa waya. Maikrofoni hakuna, kinachoingia ni gitaa tu. Akarekodi wimbo wake mpya, ambao hajawahi kumpigia mtu, akakosea palepale anapokosea siku zote. Aliposikiliza, baada ya lile kosa mtu aliguna.

“Nikasema huu waya mbovu, ndugu yangu,” aliniambia. “Nikachomoa gitaa, nikarekodi amplifaya tupu, nijue kama inavuma. Chumba giza, kimya kabisa. Nikabonyeza nisikilize.”



“Ukasikia nini?”

“Wimbo wangu. Polepole, mwanzo hadi mwisho. Na pale ninapokosea mimi, hapakukosewa.”