Mwanya wa Magda

Sokoni Toledo, Jumamosi asubuhi, Wendell alikuwa akirudi kinyumenyume na kamera usoni, akimpiga picha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akakalia kreti la pichi.

"Kaka, hizo ni za kula," alisema mwenye meza, Ilona, aliyevaa gauni la njano na aproni yenye madoa.

"Nisamehe. Nazinunua zote."

"Na hiyo suruali, nani ataifua?"

Ilona akacheka. Wendell akauona mwanya wake, na habari ya mwanafunzi ikamtoka kichwani.

Kufika Agosti hawalali bila kupigiana simu. "Cheka kidogo, mpenzi. Huo mwanya unanikosesha usingizi." Kwa hiyo Ilona alipompeleka mdogo wake Magda, aliyemlea tangu mama yao afariki, studio kwa Wendell apigwe picha za kumaliza shule, alimpeleka kwa moyo mweupe. Mji ule picha hizo si mchezo. Wenzake huja na koti la timu, lori la baba, hata mbwa, na picha hukaa ukutani mpaka mtu apate wajukuu.

Picha zikaja. Magda anatabasamu, meno yamebanana kama punje za mahindi. Mwanya wake, kama wa dada yake, haupo.

"Wendell, meno ya mtoto umeyafanya nini?" Ilona aliuliza kwenye simu.

"Nimeyarekebisha."

"Nani alikutuma?"

"Hilo usiniulize."

"Wangu unausifu, wa mdogo wangu unauziba. Kumbe ulikuwa unanichezea."

"Wako naupenda, Ilona. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Basi usiseme tena." Akakata.

Siku zilizofuata alimenya pichi za jamu huku analia, akisingizia moshi jikoni ambako hakukuwa na moshi wowote. Magda akashindwa kuvumilia.

"Dada, mimi ndiye nilimwomba. Nikamwapisha asikwambie."

"Unauonea aibu? Mwanya wa mama huo."

"Sio aibu. Tangu nizaliwe naitwa Ilona mdogo. Nilitaka picha moja tu, watu wanione mimi."

Yalimchoma Ilona, kwa kuwa yeye mwenyewe humwita hivyo mbele ya wateja, tena kwa fahari. Akavua aproni, akaenda studio.

"Ungesema tu, tusingefika huku," alimwambia Wendell.

"Siri ilikuwa ya Magda."

"Na ukinioa, utanificha mangapi?"

"Kumbe nakuoa?"

"Jibu swali."

"Ya Magda, yote. Yangu, sitakuficha hata moja."

Ilona akavuta kiti, akakaa karibu naye. Wendell akawasha kompyuta. "Picha hii Magda alitaka niifute. Nimempigia sasa hivi ulipokuwa unaegesha gari, amekubali uione."

Magda amekaa juu ya ndoo gerejini, anapuliza tarumbeta. Mashavu yamevimba, nywele zimemwangukia usoni, macho makali yanatazama kitu ambacho Ilona hakukijua. Ilona alijitafuta katika sura ile, hakujiona. Alikuwa akilala chumba kimoja na mtu huyu miaka yote.

Akapiga simu nyumbani.

"Nimeiona picha, Magda. Huyu msichana simjui."

"Ndiye mimi, Dada."

"Basi mwambie anisubiri asilale. Nataka kumjua."