Nywele za Lydie

Jumatatu asubuhi kifurushi kilianza kunuka tope la mto. Nephtali alikipapasa pande zote, akakikuta kikavu kabisa. Kilikuwa kimekuja kwa ndege mpaka uwanja wa Bangboka, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu kwa pikipiki vitu walivyonunua kwenye simu. Ndani mlikuwa na nywele za bandia za mteja aitwaye Lydie. Nephtali alijua, maana mkewe Emilie, bila hata chembe ya haya, alikifungua, akazivaa kwenye misa ya Jumapili, kisha akazirudisha.

Kule kwenye maporomoko ya mto, alikoishi Lydie, nyumba hazina namba. Mpelekaji hupiga simu, mteja humwelekeza. Lydie alipokea mara moja. Nyuma yake maji yalikuwa yakinguruma.

«Shuka nyuma ya kanisa,» alisema polepole. «Niko nakungojea.»

Nephtali akashuka, simu sikioni, na kila alipouliza kama amefika sauti ilimjibu ashuke tu, ashuke, akashuka ile harufu ikizidi, mpaka gurudumu la mbele likaingia majini na sauti bado ikamwambia aendelee.

Mvuvi mmoja akamshika bega.

«Uko naongea na nani?»

«Na Lydie, papa. Niko na kitu yake.»

«Mi ni Basile, baba yake. Maji ilimukamata juzi, na telefone yake ku mukono. Mwenye unasikia haiko yeye. Ni mamiwata, ile pepo ya maji.» Akakitazama kifurushi. «Kitu ya mutu wa maji tunairudisha vile ilikuya. Kuko mutu alivala?»

Nephtali aliona aibu kubwa. «Hapana, papa.»

Papa Basile akasali, akakitupa kifurushi kwenye maji. Harufu ikakatika papo hapo. Nephtali aliondoka moyo mwepesi, na alipofika katikati ya mji akampigia mkewe, amgombeze kidogo na kumsimulia.

Emilie alipokea mara moja.

«Bon, nimekaribia,» alisema. «Client yako Lydie alinipigia. Anasema uko unaningojea huku. Niko nashuka nyuma ya kanisa.»

«Emilie, simama. Rudi ku nyumba.»

«Sikusikii muzuri,» alisema mkewe. Nyuma yake maji yalikuwa yakinguruma.