Mwewe wa Uani na Wasafiri wa Kilimani

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi gauni la mteja aliposikia kuku wake akipiga kelele uani. Aliiweka pasi chini, akatoka mbio. Alikuwa amechelewa. Kivuli kilipita juu ya ukuta. Vifaranga walikuwa wamejificha chini ya mabawa ya mama yao, na mmoja hakuwepo.

"Baba watoto! Amechukuliwa mwingine!"

Mume wake alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanyia kazi mbele ya nyumba, na kwa urefu na wembamba wake majirani walimwita Spoku, kama waya wa gurudumu. Alikuja uani na bisibisi mkononi, akaelekeza kidole angani.

"Ndio hao! Tazama wewe mwenyewe."

Juu ya kilima, ng'ambo ya barabara, ndege wengi walikuwa wakizunguka. Kwa mbali walionekana kama vumbi lililochotwa na upepo.

"Jeshi zima linakula kwetu," alisema Spoku. "Sasa basi. Sumu nimekwisha kuinunua. Jioni naipaka kwenye nyama, naitandaza juu ya paa. Wakila, wamekwisha."

Fundi cherehani alishika tama. Uchungu wa vifaranga ulimkaa moyoni, maana aliwafuga ili binti yake mdogo apate mayai. Hata hivyo, jambo moja lilimsumbua. Ndege wale walikuwa juu sana. Mbona hakuwahi kuwaona wakishuka?

"Nipe mpaka jioni," alisema. "Nataka kwanza kujua ni yupi."

"Utajuaje? Utawaita mmoja mmoja uwahoji?"

"Nitamuuliza anayewajua."

Aliyewajua alikuwa jirani yao, muuguzi mstaafu. Kila msimu wa ndege wahamaji, yeye na wenzake wa kujitolea walipanda kilimani kuwahesabu ndege walao nyama: tai, mwewe na vipanga. Watu walimtania kwamba anawahesabu kana kwamba atawapikia.

Fundi cherehani alimwachia mumewe mtoto, akapanda kilima. Alimkuta muuguzi kwenye kiti cha kukunja, kofia pana kichwani, darubini machoni.

"Karibu, fundi! Leo mwenzangu wa zamu anaumwa. Shika hiki."

Alimpa kidude kidogo cha kuhesabia. Ukikibonyeza, kinaongeza moja. Fundi cherehani alikaza macho kwenye kundi lililozunguka mbele yao. Alibonyeza, akabonyeza, mpaka kidole kikachoka.

"Umepata wangapi?"

"Mia tatu na ushee!"

Muuguzi aliangua kicheko. "Hao hata sitini hawafiki! Umemhesabu yule yule kila alipopita mbele yako."

"Sasa dada, nitafanyaje, na wao hawatulii?"

"Sikiliza. Jua likipasha ardhi, hewa ya joto hupanda juu. Ndege huzunguka ndani ya hewa hiyo, nayo huwainua bila wao kupiga mabawa. Wakifika juu kabisa, huacha kuzunguka. Huteleza kwenda mbele, wakifuatana. Hapo ndipo tunapowahesabu. Wakizunguka, waache wazunguke."

Fundi cherehani alianza upya. Safari hii alivuta subira. Ndege wa kwanza alitoka juu ya mzunguko, akateleza kama uzi unaovutwa kwenye sindano. Akabonyeza. Akatoka mwingine. Mwishowe yeye alikuwa na hamsini na saba, muuguzi hamsini na wanane.

"Nani kanikimbia?"

"Yule aliyepita ulipopiga chafya!"

Walicheka wote wawili. Kisha fundi cherehani akauliza, "Mnawahesabu ili iwe nini?"

"Tukiwahesabu kila mwaka kwa njia ile ile, tutajua kama wanapungua. Wakipungua, tutatafuta sababu mapema."

"Na vifaranga wangu wanaochukuliwa kila siku, je? Si hawa wanaowala?"

"Ndege mla nyama anaweza kumchukua kifaranga, sikufichi. Lakini wengi wa hawa hula panya na wadudu, tena wako safarini. Wa kwenu anarudi kila siku. Msafiri atarudi vipi kila siku?"

Fundi cherehani alikitazama kile kidude cha kuhesabia. "Dada, huenda nasi tumemhesabu mmoja mara nyingi?"

"Mtazame mabawa. Kila ndege ana alama yake."

Ndipo akamweleza habari ya sumu. Muuguzi akaishusha darubini.

"Nyama ikidondoka kutoka kwenye paa, itaangukia wapi? Uani. Na binti yako, asichotia mdomoni ni kipi? Nimewauguza watoto walionusa tu sumu ya namna hiyo. Sumu haichagui, mdogo wangu. Wafunikeni vifaranga."

Fundi cherehani aliteremka karibu kukimbia. Alimkuta Spoku jikoni anakata nyama. Pakiti ya sumu ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Acha kisu. Njoo tukae uani."

Walijibanza chini ya upenu. Haukupita muda mrefu, mwewe akatokea.

"Huyo wa kwanza," alinong'ona Spoku. Mwewe akapotea nyuma ya paa, kisha akatokea tena. "Wa pili huyo!"

"Tazama bawa lake la kushoto."

Katikati ya bawa palikuwa na pengo. Unyoya mmoja haukuwepo. Mwewe alizunguka nyuma ya paa, akarudi na pengo lile lile.

Spoku alikuna kichwa. "Kumbe ni yule yule!"

"Ndilo jeshi lako hilo."

"Basi nimtilie sumu huyu mmoja tu."

"Na mwanao je? Na akija mwewe mwingine, utanunua nyingine?"

Spoku alimtazama binti yao, aliyekuwa akichezea kokoto karibu na mdomo. Akainuka, akamtoa kokoto mkononi. Pakiti waliipeleka kwa bwana shamba ili aiharibu kwa njia salama. Nyama, iliyokuwa bado safi, ikaingia sufuriani. Siku iliyofuata Spoku aliunganisha ringi kuukuu za baiskeli, akatandaza wavu juu yake. Vifaranga wakapata ua wao wenye paa.

Mwewe alikuja, akazunguka, akaenda kutafuta panya. Hakupotea kifaranga mwingine, na wote wakakua.

Mchana mmoja mteja alifika kuchukua baiskeli yake. Aliikuta imepinduliwa, magurudumu juu, na fundi amesimama barabarani akiwatazama ndege juu ya kilima huku midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu.

"Fundi, baiskeli yangu iko tayari?"

"Ngoja, ndugu yangu," alisema Spoku bila kugeuka. "Bado wanatoka."