Hodi Kutoka Ndani

Siku hiyo msusi alifunga saluni mapema, akapangusa mafuta ya nywele mikononi, akatoka mbio kumfuata dalali. Jua lilikuwa linazama na yeye hana pa kulala. Asubuhi shemeji yake, mume wa dada yake, alimwekea begi nje ya mlango na kumwambia kwa sauti ya kukata maini, "Ukirudi leo, urudi kulichukua tu." Dada mtu akajitia hamnazo, akaendelea kuosha vyombo. Aliyelia ni binti yao wa miaka minne, aliyezoea kulala kifuani kwa mama yake mdogo. Mtoto mwenyewe adabu zake raha tupu: mgeni akibisha hodi, yeye ndiye wa kwanza kukimbia kuitika karibu. Msusi ndiye aliyemfundisha.

Hapo utaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alikwenda kukagua chumba saa za magharibi, wakati dada yake alishamwambia mara sijui ngapi kwamba chumba kinaangaliwa mchana. Washa taa. Fungua bomba. Gonga ukuta. Nusa kabati. Jaribu makomeo yote. Na ukiona wenye nyumba wana haraka kuliko wewe, uliza kwa nini.

Hakuuliza.

Dalali alikuwa mtu mwembamba, njiti ya kiberiti mdomoni, macho mekundu kama mtu aliyekosa usingizi. Alifungua mlango wa chumba, kisha akarudi nyuma.

"Ingia, angalia."

"Wewe huingii?"

"Mimi nakijua."

Hata karibu hakusema. Msusi akamwona hana adabu, basi, akampita.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, acha mchezo. Jiko humohumo chini ya dirisha, choo humohumo nyuma ya mlango mdogo wa mbao, rangi ya ukutani mpya kabisa. Alikipenda papo hapo, tena alikipenda kwa hasira, akimwaza shemeji yake amekuja kutembea siku moja na hapewi hata kiti.

Akawasha taa. Akazima. Akawasha.

Akafungua bomba. Maji yakakohoa, yakatoka.

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akasikiliza. Imara.

Akanusa kabati. Harufu ya nywele zilizoungua ikampiga puani. Kwa msusi hiyo ni harufu ya kazini, kwa hiyo akajiambia ameibeba mwenyewe. Akanusa viganja vyake ahakikishe. Vilinukia sabuni.

Akageukia mlango wa choo. Komeo lake lilikuwa upande wa nje.

Komeo kubwa, jipya, limesukumwa hadi mwisho. Jamani, nani anamfungia mtu chooni kwa nje?

"We dalali!" aliita. "Hili komeo mbona..."

Dalali hakuitika. Lakini hakuwa ameondoka. Pumzi zake zilisikika pale koridoni.

Kisha, nyuma ya ule mlango mdogo...

Ko, ko.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke. Taratibu. Kwa heshima zote.

Sasa hapa usimlaumu mtu wa watu. Msusi kutwa nzima anaitika hodi za wateja, kichwa cha mtu mikononi, hata macho hainui. Mdomo wake ulishazoea kutangulia.

"Karibu," alisema.

Ndipo akili ikamfikia.

Komeo likateleza lenyewe. Mlango ukafunguka polepole. Mle chooni hamkuwa na mtu, ila ndoo iliyofunikwa, na ile harufu, kali sasa, ya kutoa machozi. Msusi alitaka kukimbia. Mwili ukamgomea.

Kidole baridi kilimwinua ukope wa jicho la kulia. Kikauachia. Kikauinua tena. Kikashuka kooni, kikabonyeza, mate yakamjaa mdomoni, kisha yakakauka. Halafu kifuani, juu ya moyo...

Ko, ko.

Kitu kilikuwa kinasikiliza. Kilikuwa kinamkagua yeye, vilevile alivyokagua chumba.

"Pamechakaa," kilinong'ona sikioni mwake, kwa upande wa ndani. "Kwenu kuna nani?"

Aling'ata meno. Lakini moyo nani anaweza kuuzuia usiwaze? Akamwaza mtoto.

"Ahaa," kikasema.

Mwili ukamwachia. Alitoka mbio, nusura amwangushe dalali.

"Umeitika," dalali alisema. Wala hakuuliza.

"Ni nini kile? Kwa nini hukuniambia, mwanaharamu wewe!"

"Nyote mnaniuliza maji, umeme, choo. Nani aliwahi kuniuliza mna nani ndani?" Alitema njiti yake. "Sijui ni nini. Najua kinaondoka na aliyekiitika, na akipatikana mwingine wa kukiitika, kinahama. Haya, ondoka nacho. Nimekaa macho vya kutosha, nisije nikakiitika usingizini."

Kisha akaingia chumbani, akajinyoosha sakafuni na kufumba macho.

Msusi alitembea roho mkononi. Aliapa kulala saluni, ajifungie humo, wamkute mfu asubuhi, lakini kwa dada yake hakanyagi. Njia panda ilipofika akakata kulia kuelekea saluni. Miguu ikakata kushoto. Akajishika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Mikono ikamwachia.

Begi lake lilikuwa bado nje ya mlango. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akabana mpaka midomo ikavuja damu. Tangu ahamie hapo, shemeji yake hakuwahi kumwambia karibu, hata siku moja. Leo ndiyo aliiombea dua chuki ile. Ee Mungu, atoke shemeji. Atoke shemeji tu.

Mguu wake ukagonga mlango. Ko, ko.

"Hodi," ilisema sauti kati ya vidole vyake. Taratibu. Kwa heshima zote.

"Asifunguliwe!" shemeji alinguruma kutoka ndani. "Begi lake si liko hapo nje?"

Msusi nusura alie kwa furaha. Alimpenda yule mwanamume kwa moyo wake wote.

Kisha akasikia vinyayo vidogo vikikimbia.

"Usiitike!" alijaribu kupiga kelele, lakini ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama si wake.

"Karibu, mama mdogo!"

Kifua chake kikawa chepesi.

Mlango ukafunguka. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini, mkono juu ya swichi ambayo jana hakuweza kuifikia. Akazima taa. Akawasha. Akazima. Akawasha. Akaibandika pua yake ndogo ukutani, akanusa. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni.

Baba yake akatokea nyuma yake, uso umekunjamana, hajaona kitu.

"Wewe unataka nini tena hapa?" alimfokea msusi. "Hujapata chumba?"

Mtoto ndiye aliyejibu, taratibu, kwa heshima zote.

"Nimepata," alisema. "Tena kipya."