Tafakuri ya Profesa

Mikono ya Profesa Rutaihwa ilikuwa kazini tangu saa mbili asubuhi, ingawa mwenyewe alizikwa Kamachumu miaka sita iliyopita. Ilishuka kutoka darini, miwili, ya chuma kilichovikwa mpira laini, ikampasua tumbo fundi ujenzi aliyeanguka ghorofani na kupasuka bandama. Watu waliiita mikonorithi. Glavu zenye vihisio zilikuwa zimerekodi kila mjongeo wa vidole vya mzee kwa miaka mingi, na sasa hospitali kumi na mbili zilipasua wagonjwa kwa vidole hivyohivyo.

Dokta Hobokela, mwanafunzi wake wa mwisho, alisimama pembeni kama msimamizi. Hakupenda kuitazama. Namna kidole gumba cha kushoto kilivyopapasa kabla ya kukata, ilikuwa ni Profesa mtupu.

Ilipofika kwenye mshipa mkubwa wa bandama, mikono ikasimama.

"Tafakuri ya Profesa," wakanong'ona wanafunzi nyuma ya kioo, wakianza kuhesabu. Walifundishwa kwamba hapo mzee alikuwa akipima uamuzi. Sekunde tisa, kisha huendelea. Swali hilo halikosi kwenye mtihani.

Zikapita tisa. Zikapita thelathini.

"Dokta, presha inashuka," alisema Sista Kandida. "Mbona leo haiendelei?"

Hobokela alijua. Bandama hii ilikuwa imenatana na utumbo, sawasawa na ile ya upasuaji wa mwisho wa Profesa, na mashine ilikuwa ikifuata rekodi ya upasuaji huo. Mzee hakuwa akipima uamuzi wowote. Kwa miaka yake miwili ya mwisho kazini alikuwa akisimama hivyo na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Hobo mwanangu, tuko wapi?" Naye humjibu, "Kwenye bandama, Profesa," mzee akaendelea. Siku ya mwisho jibu halikusaidia. Hobokela alimaliza kazi mwenyewe, mikono ya mzee imeganda hewani, kisha akaandika jina la Profesa kwenye fomu kama mpasuaji. Nani angethubutu kumsema mtu aliyefundisha nusu ya wapasuaji wa nchi?

Glavu hazikurekodi sauti.

"Kwenye bandama, Profesa," alijikuta akiiambia mashine. Haikutikisika.

Akaisukuma kando. Kwa miaka sita hakuwa ameshika koleo la kubania mishipa, lakini aliupata mshipa akaubana. Damu ikakata. Baada ya muda presha ikaanza kupanda.

Bado amevaa gauni lenye damu, alipiga simu kituo cha uendeshaji. "Zimeni mikonorithi yote. Nchi nzima."

"Sawa, Dokta," alijibu kijana wa zamu. "Sababu niandike hitilafu ya mtambo?"

Ingetosha kusema ndiyo.

"Mtambo hauna hitilafu. Andika kwamba Profesa Rutaihwa alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na mimi, Hobokela Mwasandube, nilijua nikanyamaza."

Kijana aliandika, kisha akashusha sauti.

"Dokta, kuna hospitali moja jana iliisubiri mikono dakika sita," alisema. "Wanasema hawakuthubutu kumkatiza Profesa."

"Na mgonjwa?"

"Marehemu alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Dokta."