Mabega ya Sponji

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kubeba vitu. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Alikaa tangu asubuhi hadi jioni, mgongo umepinda, mguu kwenye pedeli, pini tatu mdomoni. Kitu kizito kuliko vyote alichokishika siku nzima kilikuwa pasi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mikono yake ilikuwa myembamba na laini. Wateja waliisifu mikono hiyo, kwa maana ilijua kutia kola ikakaa.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya pazia aliishi na mke wake na mama yake mzazi. Mke alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akihamisha magunia ya unga. Mama alikuwa mzee. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa.

Asubuhi moja mama aliteleza mlangoni mwa bafu. Hakuumia, ila alikuwa chini na hakuweza kuinuka. Fundi akatupa mkasi, akakimbia. Akamshika mama yake makwapani, akavuta. Akapumua, akavuta tena. Mama akainuka kidogo, kisha mama na mwana wakajikuta wamekaa sakafuni pamoja.

"Niache, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Mwite mkeo."

Mke alikuwa anafunga viatu aende kazini. Akaja, akapiga goti, akasema, "Haya mama, nishike." Haikuchukua hata dakika moja. Fundi alisimama pembeni ameshika ndoo tupu, kwa sababu hakujua ashike nini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Yale maneno mawili, mwite mkeo, yalimkaa kichwani siku nzima. Siku hiyo alikata suruali ya mteja ikawa fupi kwa vidole vinne.

Habari zilimfikia dada yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine. Akapiga simu jioni ile ile.

"Mdogo wangu, na siku mkeo akiwa kazini, nani atamwinua mama?"

"Nipo mimi."

"Wewe?" Dada alilivuta neno hilo. Lilimuuma Fundi kuliko tusi. "Mwisho wa mwezi nakuja kuona. Nikikuta mambo ni yale yale, mama nitamchukua akae kwangu."

Mama hakutaka kwenda. Alisema wazi kwamba kwake ni pale, na kwamba bila mlio wa cherehani hapati usingizi wa mchana.

Basi Fundi akaenda kwa fundi makanika wa jirani, waliyemwita Komando kwa sababu ya kifua chake. Komando alimpa chuma alichokitengeneza mwenyewe: bomba lenye makopo mawili ya rangi, yote yamejazwa zege.

"Chuma kizito ndicho kinachojenga," Komando alisema. "Chepesi ni cha kuchezea watoto."

Jumapili Fundi alifunga mlango akakivamia chuma. Alikinyanyua mara mbili, uso umevimba kama andazi, kisha akalala chali. Jumatatu mikono haikukunjuka. Jumatano ndipo alipoweza kushika mkasi vizuri. Jumapili iliyofuata akarudia, na bega la kulia likaanza kuchoma. Kila asubuhi alijipima mkono kwa utepe wake wa kazi. Utepe haukusogea hata kidogo.

Mwisho wa mwezi ulikaribia. Hapo Fundi akafanya jambo ambalo fundi cherehani peke yake angelifikiria. Alichukua sponji ya kutia kwenye mabega ya makoti, akaishonea ndani ya shati lake. Kipande begani, kipande mkononi, mshono wa siri usioonekana kwa nje. Akajitazama kwenye kioo cha wateja. Aliona mwanamume wa haja, akafurahi. Moyoni alijua anachokifanya, lakini aliivaa furaha hiyo hivyo hivyo.

"Ala!" mke wake alisema. "Naona tizi la chuma limekubali."

Dada alifika mchana, wakala, wakazungumza. Akamtazama mdogo wake juu mpaka chini.

"Kumbe umejaza! Hebu nione." Akamshika mkono, akabonyeza. Vidole vikazama. Alipoachia, mkono ukabaki na shimo.

Dada aliingiza kidole kwenye ukosi wa shati, akavuta ncha ya sponji ya njano. Mke aliziba mdomo. Mama aliinamia kikombe chake cha chai kana kwamba kuna maandishi ndani yake. Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na shati lake.

"Sikucheki," dada alisema, na kweli hakucheka. "Chumba cha nyuma kwangu kitakuwa tayari baada ya miezi minne. Nitakuja na gari kumchukua mama."

Baada ya dada kuondoka, Fundi hakuwatazama watu wa nyumbani machoni kwa siku tatu. Siku ya nne alikuja jirani, mwanamke aliyefundisha mazoezi ya viungo kwenye zahanati. Alikuja kuchukua suruali yake ya kazi. Fundi alinyoosha mkono kuitungua kwenye msumari, akakunja uso, mkono ukaishia njiani.

"Bega limefanya nini, Fundi?"

"Nililalia vibaya."

"Fundi."

Alikuwa amechoka kuficha. Akamwambia yote: mama, chuma, mpaka sponji. Alipofika kwenye sponji aliongea akiitazama mashine.

Jirani hakucheka. "Hicho chuma kina kilo ngapi?"

"Sijui. Komando alikadiria zege kwa macho."

"Unakinyanyua mara ngapi?"

"Mbili. Siku nikiwa na moyo, tatu. Jumapili tu."

"Basi sikiliza," jirani alisema, akavuta stuli. "Msuli haujui kusoma kilo. Unachokijua ni kazi. Uzito wa kati, hata ule mwepesi, hukuza msuli, mradi unyanyue mpaka uchoke kweli. Ukifika mahali unaona zimebaki mara mbili au tatu tu za kuweza, hapo tua."

"Kwa hiyo kizito ni bure?"

"Si bure. Kizito hufundisha nguvu za kubeba kizito, na wewe unazihitaji. Lakini si cha kuanzia. Tutapanda kidogo kidogo, mwili ukishajua njia."

Fundi akatikisa kichwa. "Na mbona sijaona hata dalili?"

"Kwa sababu kazi yenyewe ni chache. Ukinyanyua mara kumi au kumi na mbili bila kupumzika, hiyo tunaita seti moja. Wewe wiki nzima huna hata seti moja iliyokamilika. Anza na seti mbili za kila zoezi, siku tatu kwa wiki. Hizo ni sita. Zikizoeleka, tutaongeza mpaka tisa au kumi."

"Nikifanya thelathini si nitamaliza haraka?"

"Utajimaliza wewe. Kuongeza kunasaidia mpaka kiwango fulani. Baada ya hapo faida inakuwa ndogo na uchovu unakuwa mkubwa. Msuli hukua ukiwa umepumzika na umekula. Ruka siku, lala vya kutosha, kula maharage, mayai, samaki, chochote mnachopata. Kesho njoo zahanati nikupime presha na kuliangalia hilo bega. Likichoma, acha. Kuchoma si uchovu."

Kabla ya kuondoka alimwita mama na mke, akawafunza jambo jingine. Mtu mzima akianguka, havutwi kwa mikono wala makwapa. Kwanza anaulizwa kama ameumia. Akiwa na maumivu makali, asiinuliwe. Aitwe mhudumu wa afya. Akiwa mzima, aletewe kiti, apige magoti, ashike kiti, na msaidizi ainame kwa magoti, mgongo umenyooka.

"Na wewe mama," jirani alisema, "misuli ya mzee nayo hukua. Kila siku kaa kwenye kiti usimame, mara tano. Mtu awe karibu."

"Mimi nianze tizi?" mama aliuliza. "Makubwa haya!" Lakini alianza siku ile ile.

Fundi alirudisha chuma cha Komando. Akashona mifuko mitatu ya vitambaa vya jinzi, mshono mara mbili, akaitia mpini. Aliijaza mchanga na kuipima kwenye mizani ya sokoni: kilo nne, kilo nane, kilo kumi na mbili. Bega lilipopona, akaanza na wa kilo nne. Alichuchumaa nao na kuinuka. Aliuokota sakafuni kwa mgongo ulionyooka. Aliuvuta kuelekea kifuani. Kwenye daftari la vipimo vya wateja alijitengea ukurasa wake, akaandika kila seti.

Komando alipita, akachungulia. "Fundi! Unabembeleza mtoto?"

Wateja wawili wakacheka. Fundi aliuweka mfuko chini, masikio yakiwaka moto. Siku hiyo hakumaliza. Jioni alimwambia mke wake kwamba ameacha.

"Sawa," mke alisema, akikung'uta unga kwenye gauni. "Aliyecheka ndiye atakayemwinua mama?"

Kesho yake Fundi alifungua mlango wote, akamaliza seti zake mbele ya barabara.

Wiki sita zilipita na utepe ukasoma vile vile. Akaenda kulalamika.

"Mfuko je?" jirani aliuliza.

"Niko kwenye wa kilo nane. Wa nne siuhisi."

"Nguvu hutangulia, msuli hufuata. Usiache."

Alifikia seti tisa kwa wiki. Akahamia mfuko wa kilo kumi na mbili. Mwezi wa tatu akaomba mteja ampe mfuko wa saruji uliokwisha, akaujaza mchanga wa kilo ishirini, akaufundisha mwili wake kuuinua polepole. Mwezi wa nne utepe ulisoma sentimita moja na nusu zaidi. Haikuwa mikono ya Komando. Ilikuwa yake.

Siku ya gari ikafika. Dada aliingia, akawasalimu, akaanza kukunja nguo za mama. Mama aliondoka kitandani kumzuia, mguu ukakwama kwenye mkeka, akateremka mpaka sakafuni, taratibu, akiwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Wifi!" dada alipiga kelele. "Wifi, njoo haraka!"

"Mwache wifi yako," mama alisema kutoka chini. "Yupo mwanangu."

Fundi alipiga goti. Hakuvuta. "Mama, kuna panapouma?"

"Moyo tu, kwa hizi nguo zinazokunjwa."

Akaleta kiti. Mama akageuka, akapiga magoti, akashika kiti. Fundi alimshika kiunoni, akanyoosha mgongo, akasukuma kwa miguu yake. Mama alisukuma kwa yake. Wakainuka wote wawili, na safari hii walibaki wamesimama.

Dada alikuwa bado ameshika gauni la mama, nusu limekunjwa. Machozi yalimlengalenga. Alilirudisha gauni kwenye msumari. Kisha akamshika mdogo wake mkono na kuubonyeza. Vidole havikuzama.

Mama aliketi kwenye kiti chake, juu ya mto alioshonewa na Fundi, akasogea kidogo kukaa vizuri.

"Huu mto ni laini," dada alisema, akiugusa kwa mkono. "Umetiwa nini?"

Fundi aliona aibu ile ya zamani ikimpanda tena, lakini safari hii haikufika masikioni.

"Mabega yangu ya kwanza," alisema.