Lenzi ya Karibu

Jioni ile Satsuki alipita dukani kwa mzee Kuramoto kwa shughuli ya kawaida kabisa, kuchagua lenzi. Mzee alimtolea mbili za mitumba, akazilaza kwenye kitambaa juu ya kaunta. Zote zilikuwa za kupigia picha viumbe vidogo vya baharini.

"Hii fupi inakutaka usogee mpaka pua iguse," alisema mzee. "Hii ndefu unakaa zako mbali, samaki hajui hata kama upo. Ya waoga, lakini nzuri."

"Nipe hiyo fupi. Maji ya wiki hii ni uji mtupu, nikikaa mbali nitapiga picha ya tope."

Na kweli, maji yakichafuka, mpiga picha hana budi kusogea ili kati yake na kiumbe yabaki maji machache. Tena hakuwa na siku ya kusubiri. Chini ya mwamba mweusi, ndani ya chupa ya bia iliyotupwa, samaki wa manjano mdogo kama kidole cha mtoto alikuwa akilinda mayai yake. Jumapili chama cha wavuvi kingesafisha ghuba, na chupa ile ingeopolewa pamoja na takataka nyingine. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Nyumbani alimkuta Mama Mkubwa Toyono akichoma ngisi. Mama huyu alikuwa amezamia kwa pumzi zake tangu usichana, na ndiye aliyemlea Satsuki baada ya mdogo wake, mama mzazi wa Satsuki, kuzama kwenye mwamba huohuo na kutorudi.

"Kesho kuna mawingu," alisema bila kugeuka. "Pale hatuzamii siku ya mawingu."

"Nyinyi hamna mtungi wa hewa, Mama Mkubwa."

"Mama yako hakukosa pumzi, mwanangu. Alishindwa kukataa." Akashusha sauti. "Kuna mzamiaji mwingine kule. Wazee walimwita tomokazuki. Anafanana nawe kwa kila kitu. Atacheka nawe, atakupa kombe la chaza. Ukilazimika kulipokea, mgeuzie mgongo, upokee kwa nyuma, kisha urudi juu. Ukilipokea kwa mbele, umekubali kuwa mwenzake."

Akampa kitambaa cheupe cha kichwani, chenye nyota ya kinga iliyoshonwa kwa uzi wa buluu. Satsuki alikichukua ili yaishe. Kesho yake fundo lake lilimbana chini ya kofia ya mpira, akakivua na kukiacha mashuani.

Walishuka mchana, yeye na Ikue, binti wa Mama Mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia tochi. Maji yalikuwa ya kijani, mazito. Bega la Satsuki liliguswa mara moja njiani. Akaonyesha ishara ya "sawa" bila kutazama, akaendelea kushuka.

Chupa ilikuwepo. Samaki alikuwepo. Mayai yalikuwa yameng'ang'ania kioo, na kila yai lilikuwa na macho mawili.

Alisogea. Akasogea tena, mpaka lenzi ikakaribia kugusa chupa. Mwanga ukaja kutoka kushoto, palepale alipoutaka. Alipoinua kidole, ukapanda. Alipokishusha, ukashuka.

Leo Ikue ametulia, aliwaza kwa furaha. Kwa kawaida mkono wake hutetemeka.

Akapiga. Akapiga tena.

Kisha mkono ukapenya mbele ya uso wake, umeshika kombe. Masihara ya Ikue hayo... Alilipokea, akalitia mfukoni, jicho lisibanduke kwa samaki. Alipokuwa akipanda juu ndipo alipokumbuka jambo.

Ikue alivaa glavu nyeusi.

Mkono ule haukuwa na glavu.

Mashuani, Ikue alikuwa amejifunika taulo, anamenya chungwa. Nywele zake zilishakauka.

"Ulikuwa wapi wewe? Samaki gani huyo asiyeisha?"

"Umepanda saa ngapi?"

"Sikufika hata chini. Sikio lilinikatalia, nikakugonga bega, ukanijibu sawa." Akaitazama tochi yake pale miguuni. "Mbona unaniangalia hivyo?"

Jioni, kando ya moto katika kibanda cha wazamiaji, Satsuki aliikuza picha kwenye kioo cha kamera. Lenzi ya karibu haifichi kitu. Ndani ya jicho la samaki, waziwazi, walionekana watu wawili. Mmoja alikuwa na kamera. Wa pili alikuwa na mwanga mkononi, hana barakoa, hana mtungi, nywele zinaelea.

Alikuwa Satsuki. Alikuwa anacheka.

"Alikupa kitu?" alinong'ona Mama Mkubwa.

Satsuki akatoa kombe.

"Ulipokeaje?"

"...Kwa mbele."

Mama Mkubwa hakumgombeza. Alilia, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mdogo wake hakulia mbele za watu. Akalitupa kombe motoni, na kibanda kizima kikanuka nywele mbichi zinazoungua.

"Usizamie tena. Niahidi."

Satsuki aliahidi, na alikuwa na hofu ya kutosha kuitimiza ahadi hiyo. Jumatatu jioni akairudisha lenzi dukani. Mzee Kuramoto aliipokea kwa mshangao.

"Na hii huitaki? Basi ungenirudishia leo mchana, ulipokuja kuchukua ile ndefu."

"Leo mchana nilikuwa nyumbani."

"Acha utani, binti. Ulisimama hapo hapo, nywele zinachuruzika. Nikakwambia utaugua, ukacheka tu." Alikuwa akiipangusa kaunta, na kitambaa kilikuwa kimelowa chepechepe.

"Nilisema..." Satsuki aliikazia macho kaunta. "Nilisema naitakia nini?"

"Ulisema ya karibu imeshamaliza kazi yake. Sasa unataka ya kumtazama mtu kwa mbali, asijue kama upo."

Nyuma ya Satsuki kulikuwa na dirisha la duka, na nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, bahari. Hakugeuka.